Kamera ya Getini: Waya, Wi-Fi, Sola au Kengele ya Mlangoni?

Mita ya maji ya nyumbani kwetu Tabata iliondoka saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Saa naijua vizuri kwa sababu kamera ilirekodi yote: mtu anaruka mtaro, anachuchumaa kando ya geti, anazungusha spana, maji yanamrukia, anafuta mikono kwenye suruali, anaondoka bila haraka. Dakika nne nzima. Asubuhi nikampelekea mwenyekiti wa mtaa simu aangalie. Mzee akatazama, akarudisha nyuma, akavaa miwani, akatazama tena. "Mwanangu, hapa mimi naona kapelo. Na kapelo kama hii hata mjukuu wangu anayo."

Kamera yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa ya Wi-Fi, inazunguka, megapikseli 2, picha ya mchana safi kabisa. Kosa lilikuwa langu: niliifunga chini ya bati, mita nne kwenda juu, halafu geti lenyewe liko mita 12 mbele yake. Kwa umbali ule ilikuwa kamera ya kujua kama kuna mtu. Mimi nilitaka ya kujua ni nani. Hizo ni kazi mbili tofauti, na muuza duka hatakuuliza unataka ipi.

Uso unataka pikseli ngapi

Kuna kiwango cha kimataifa cha kazi hii, IEC 62676-4, toleo la 2014, kinachohesabu pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, kwa kila mita moja ya upana wa eneo linaloonekana. Kujua kwamba pale kuna mtu, pikseli 25 zinatosha. Kumtambua mtu unayemfahamu tayari, 125. Kuipata sura ya mgeni kiasi cha kumwonyesha mtu mwingine akakwambia "huyu namjua", 250.

Tufanye hesabu. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 7.7. Eneo linaloonekana likizidi upana huo, sura ya mgeni umeikosa. Sasa lenzi ya milimita 2.8, ambayo mafundi wengi hufunga bila kukuuliza, hutazama kwa upana wa nyuzi 105 hivi. Ukiwa nayo, mtu anatakiwa awe ndani ya mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Milimita zikiongezeka, lenzi inaona eneo jembamba zaidi lakini mbali zaidi: ya milimita 4 inakupeleka mita 4 na kidogo. Ya milimita 6, karibu mita 8. Kwangu, geti likiwa mita 12 na lenzi pana, nilikuwa na pikseli 60 hivi kwa mita. Hata mdogo wangu angepita pale nisingemtambua.

Ukipandisha megapikseli kutoka 2 hadi 4 huku ukibaki na lenzi ya 2.8, umetoka mita 3 ukafika mita 4. Ukibadili lenzi tu, kutoka 2.8 kwenda 6, umetoka mita 3 ukafika karibu 8. Kwenye kamera nyingi za waya, lenzi hizo mbili unazipata kwa bei ile ile. Megapikseli ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Milimita za lenzi utazikuta ubavuni, kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi.

Bila shaka lenzi nyembamba inakunyima pembeni. Inaona geti na anayesimama getini, basi. Mtaa wote huupati. Kwa mlango wa mbele mimi nauona huo ni mpango mzuri, na anayetaka mtaa aongeze kamera ya pili.

Wi-Fi: rahisi, mpaka mwizi aondoke nayo

Wengi tunaanza na hii, na si ujinga. Unainunua Kariakoo asubuhi, jioni inafanya kazi. Ile yenye umbo la balbu haitaki hata fundi: unafungua balbu ya barazani, unaizungushia kamera kwenye holda, unaunganisha na simu. Ina spika, kwa hiyo unaweza kumwambia bodaboda "mzigo mwachie dada" ukiwa kwenye foleni Ubungo. Na mpangaji siku ya kuhama anaondoka nayo.

Kasoro zake getini hazilingani uzito. Ndogo kabisa ni swichi: taa ya barazani ina swichi ukutani, na mgeni mwenye tabia nzuri ya kubana umeme akiizima, kamera imezimika. Kubwa kidogo ni mawimbi. Kamera nyingi za bei hii hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo hupenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz, lakini kuta mbili za tofali na mlango wa chuma katikati si mchezo. Kabla ya kununua, simama pale pale utakapofunga kamera, funga geti, zima data ya simu, fungua video yoyote kwa Wi-Fi ya nyumbani. Simu ikisuasua hapo, kamera haitafanya miujiza.

Kasoro nzito ni memori kadi. Rekodi zote ziko ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo anayeing'oa anaondoka na ushahidi wake mfukoni. Unaweza kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi, lakini hiyo nayo inataka intaneti iwe hewani dakika ile ile ya tukio. Umeme ukikatika, rauta imelala, kamera imelala. Kibetri cha rauta kinachouzwa madukani, kile cha 12V, husaidia kuiweka rauta macho saa kadhaa. Kamera nayo utaitafutia chake.

Waya na DVR: mfumo wa kizamani wenye adabu

Hapa picha inasafiri kwenye waya wa koaxi, kama ule wa dishi la TV, hadi kwenye DVR, yaani mashine ya kurekodi, iliyofichwa ndani, chumbani au juu ya kabati, na diski iko humo. Mwizi akivunja kamera ya getini, sura yake ya sekunde kumi kabla ya kuivunja imeshafika chumbani. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuiweka mbele ya Wi-Fi.

Na nafasi ipo. Kamera nne zinazorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja hula gigabaiti 86 hivi kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inakupa siku 11 kabla ya kuanza kufuta za zamani. Linganisha na memori kadi ya gigabaiti 64 kwenye kamera moja ya Wi-Fi: kwa kasi hiyo hiyo, ikirekodi mfululizo, siku 3. Umekwenda msibani Moshi wiki nzima, ukirudi siku ya tukio imeshafutwa.

Ugonjwa wa mfumo huu ni waya mbaya. Jirani yangu alikuwa na kamera ya getini aliyoiita "ya mchana". Mchana inaonyesha vizuri. Ikifika saa moja jioni inazima, inawaka, inazima, hadi alfajiri. Alishabadilishiwa kamera mara mbili. Fundi wa tatu, kijana mpole sana, hakugusa kamera. Alichukua kipande cha waya uliobaki, akakikwangua kwa kisu. Nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Giza likiingia kamera huwasha taa zake za usiku, inahitaji umeme mwingi zaidi, na 12V zilizotoka chumbani zikisafiri mita 40 kwenye waya mwembamba wa alumini zinafika getini zimechoka, hazitoshi. Kamera inazima, mzigo unapungua, umeme unapanda, inawaka tena. Wakabadilisha waya, ugonjwa ukaisha.

Kwa hiyo ukienda dukani beba kisu kidogo, au mwombe muuzaji akukwangulie. Akikataa, umeshajibiwa.

PoE: waya mmoja unaobeba yote

Hii ni kamera ya IP, yaani ya mtandao, inayounganishwa kwa kebo ya mtandao, Cat5e au Cat6, hadi kwenye NVR, mashine ya kurekodi ya kamera za aina hii. Kebo moja inapeleka umeme na kurudisha picha, ndiyo maana ya PoE. Umeme wake unasafiri kwa volti 48 hivi, si 12, kwa hiyo ule ugonjwa wa jirani hauupati kirahisi. Kipimo rasmi cha kebo ni mita 100, na nyumba nyingi hazifiki hata nusu yake. Jambo lingine zuri: kwa kuwa umeme wote unatoka sehemu moja ndani, UPS moja, ile betri ya akiba umeme ukikatika, inashika NVR, kamera zote na rauta. UPS ndogo yenye betri ya 12V na 7Ah ina wati-saa 84. Mzigo wako ukiwa wati 40, kwenye karatasi ni saa mbili, kwa ukweli tegemea saa moja na kitu, maana UPS yenyewe nayo inakula. Wenye inveta kubwa ya nyumba hawana haja ya hesabu hii.

Bei iko juu kuliko DVR, na fundi wa kuisumbukia ikiharibika si kila mtaa unaye. Ukienda njia hii hakikisha kamera ina ONVIF, ule utaratibu ulioanzishwa 2008 na Axis, Bosch na Sony ili kamera ya kampuni moja iongee na mashine ya kampuni nyingine. Kuna kamera za Wi-Fi nazo zinao, na hilo ni la kuangalia hata ukiwa unaanza kidogo: kesho ukinunua NVR, ile ya zamani haitupwi.

Sola ya 4G: ya kiwanja, si ya geti la nyumbani

Nazipenda, lakini mahali pake. Site ya Kigamboni yenye matofali na nondo, hakuna umeme wala Wi-Fi: weka laini, weka bando, umemaliza. Kwa geti la nyumba yenye umeme naziona zinatumika kwa uvivu wa kuchimbia waya.

Ili betri isife, nyingi hulala muda wote na kuamshwa na kihisi cha joto la mwili. Kihisi hicho kinafanya kazi kwa kutofautisha joto la mtu na la mazingira. Dar ya mwezi wa pili, ukuta umeiva jua tangu asubuhi, tofauti hiyo ni ndogo, na kamera inaamka kwa kuchelewa au haiamki. Pia kinamwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja moja kwa moja usoni. Ukilazimika kuifunga getini, ielekeze kiubavu, mtu akatize mbele yake. Halafu bando: kutazama moja kwa moja kwa megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa. Mama yangu mkwe alipojifunza kuangalia kuku wake kwa simu, bando la mwezi lilikwisha Jumanne.

Kengele yenye kamera

Wazo lake ni kongwe. Mwaka 1966 muuguzi Marie Van Brittan Brown wa Queens, New York, aliyekuwa akibaki nyumbani peke yake saa za usiku, pamoja na mumewe Albert, fundi wa elektroniki, waliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mfumo wa mlangoni: matundu manne ya kuchungulia ya urefu tofauti, kamera inayopanda na kushuka kuyafuata, televisheni chumbani, maikrofoni na swichi ya kufungua mlango kwa mbali. Hataza ilitoka Desemba 1969. Tazama jinsi alivyofikiri: kamera iko usawa wa uso wa anayebisha. Hajaipachika darini.

Ndiyo maana kengele, pamoja na lenzi yake pana, mara nyingi inakupa uso bora kuliko kamera ghali ya chini ya bati. Anayebonyeza yuko nusu mita. Kwa fleti ya Upanga au nyumba ambayo mlango wa mbele unafungukia moja kwa moja kwenye kichochoro, ningeanza na hii. Za betri zinachajiwa, na utasahau kuzichaji. Intakomu ya waya yenye skrini ndani ni bora kwa nyumba yenye wazee, ambao hawatafungua programu kwenye simu kila mtu anapopiga hodi. Ila mwizi wa mita habonyezi kengele. Kengele ni ya wageni.

| | Umeme ukikatika | Kamera ikiibiwa | Gharama ya kila mwezi | Mahali pake |
|---|---|---|---|---|
| Wi-Fi | Inazima pamoja na rauta | Rekodi zimekwenda, isipokuwa umelipia hifadhi ya mtandaoni | Hifadhi, ukitaka | Nyumba ya kupanga, baraza |
| DVR | UPS ya ndani inaishika | Rekodi zimebaki | Hakuna | Nyumba yako, geti lisilo mbali sana |
| PoE | UPS moja inashika vyote | Rekodi zimebaki | Hakuna | Nyumba yako, waya mrefu |
| Sola ya 4G | Haijali | Kadi imekwenda nayo | Bando, lazima | Kiwanja, shamba, site |
| Kengele | Ya betri inabaki, rauta ikiwa hai | Inategemea aina | Hifadhi, kwa baadhi | Fleti, mlango wa kichochoroni |

Usiku, buibui na kumbikumbi

Aina yoyote utakayochagua, wezi wa mita hawaji mchana, kwa hiyo ijaribu usiku. Kamera za kawaida humulika kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Zikiwa karibu na ukuta uliopakwa chokaa au ukingo wa dari, mwanga unarudi kwenye lenzi na picha yote inakuwa ukungu. Isogeze sentimita chache, ukungu unaondoka. Utando wa buibui nao huwaka kama kamba za meli mbele ya lenzi, na buibui wanapapenda pale kwa sababu wadudu wanafuata taa. Mimi kila Jumamosi mbili napitisha fagio. Masika kumbikumbi wakitoka, zima taarifa za simu siku hiyo, la sivyo itakutetemekea mara mia usiku mmoja.

Zile zenye taa nyeupe inayowaka mtu akikaribia zinatoa picha ya rangi usiku, na unajua kama shati lilikuwa jekundu au la kijani. Pia zinamshtua anayekuja. Nikichagua ya geti leo, nachukua hii.

Mchana tatizo ni jua. Geti linalotazama mashariki, saa moja na nusu asubuhi kila anayeingia ni kivuli cheusi mbele ya mwanga. Tafuta kamera yenye WDR ya kweli, yaani uwezo wa kuonyesha penye mwanga mkali na penye kivuli kwa pamoja, iliyoandikwa 120 dB. Ile iliyoandikwa "digital WDR" ni kupaka poda picha iliyokwisha kuharibika.

Urefu: mita 2.2 hadi 2.5. Juu ya mita 3 unarekodi kofia. Fundi atakwambia ikiwa chini itaibiwa, na si uongo, ndiyo maana nataka rekodi ikae ndani. Kwa wa Mbezi Beach, Kigamboni, Mombasa na visiwani: kamera yenye alama ya IP66 au IP67 inazuia maji na vumbi, haizuii chumvi kula skrubu. Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu, na viungo vya waya viingie kwenye boksi la plastiki. Visininginie nje vimefungwa selotepu.

Kabla fundi hajaondoka badilisha nywila. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila zilizotoka nazo kiwandani, na Oktoba mwaka huo zikatumika kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Akaunti kuu iwe kwenye simu yako. Fundi apewe ya kutazama tu, au asipewe kabisa.

Na jirani. Kamera ikiingia uani kwake, itazame upya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na Uingereza mahakama moja ya Oxford mwaka 2021 ilimkuta mwenye nyumba na kosa kwa kamera zake. Jaji aliona sauti inayonaswa kutoka mbali ni mbaya kuliko hata picha. Programu nyingi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa weusi. Mimi nilimwita mama wa jirani aje aone kwenye skrini mwenyewe dirisha lake limezibwa. Akaniuliza kama ninaweza kuifungua upande wa kuku wake.

Mimi nilichofunga

Baada ya mita, nilitoa ile ya chini ya bati nikaihamishia barazani, inakofaa. Getini niliweka ya waya, megapikseli 4, lenzi ya milimita 6, taa nyeupe, kwenye nguzo ya ndani ya ukuta mita 6 kutoka pale mtu anaposimama, urefu mita 2.4. DVR iko kabatini, UPS pembeni yake.

Ukiwa umepanga, usichimbe ukuta wa mtu: kengele ya betri kwa ajili ya uso, na Wi-Fi barazani ikitokea fedha. Ukiwa unajenga, hata kama kamera utanunua mwaka kesho, laza bomba tupu la waya kutoka nguzo ya geti hadi ndani kabla hujamwaga zege ya uani. Bomba ni bei ya soda chache. Kuvunja zege baadaye utaniambia.

Na pesa ya mwisho ya fundi usiitoe mchana. Mwambie arudi saa mbili usiku, vaa kapelo, toka nje, chuchumaa pale ilipo mita. Mtu wa ndani aangalie skrini. Fundi wangu alicheka, lakini alisogeza kamera mara tatu usiku ule kabla mke wangu hajasema kwa sauti kutoka dirishani: "Haya, sasa nakuona. Na ndevu hizo unyoe."